Baba mkwe asema ilikuwa raha, shangazi asema ilikuwa dhiki

Mpendwa Somo,

Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, nimeolewa na Mtaliano, na sasa tunaishi kwao Matera, mji mdogo wa mkoa wa Basilicata, kusini mwa Italia. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa sina wa kumweleza. Kila nimjuaye ni ndugu wa mmoja wa wanaogombana.

Baba mkwe wangu anatimiza miaka 75 mwezi wa Septemba. Mume wangu akaamua zawadi iwe kijitabu cha kumbukumbu zake za utotoni, kichapwe nakala za kutosha ukoo mzima. Kazi ya kukaa na Mzee na kumrekodi nikapewa mimi, maana wanawe hawana subira naye. Akianza hadithi, wao wanaimalizia. Mimi nilikuwa sijazisikia, na kusema kweli nilizipenda.

Mzee alizaliwa Sassi, ule mtaa wa kale wa Matera ambao nyumba zake zimechongwa ndani ya mwamba laini wa chokaa, moja juu ya nyingine, hata paa la huyu likawa njia ya yule. Kwao kulikuwa upande wa Caveoso. Waliishi humo hadi mwaka 1958, yeye akiwa na miaka minane, ndipo familia ikahamishiwa nyumba za serikali kule Serra Venerdì. Ananisimulia ua wao, ambapo milango ya nyumba kadhaa ilitazamana, na kila mama wa pale alikuwa na haki ya kukuchapa na haki ya kukulisha. Ananisimulia kijana wa tanuri aliyepita asubuhi mapema akipiga mbinja, akikusanya mikate mibichi ya kwenda kuokwa. Kila familia ilikuwa na muhuri wake wa mbao wa kugongea mkate, ili tanurini isichanganyike. Muhuri wao anao mpaka leo, kwenye droo ya soksi. Mshikio wake ni jogoo aliyechongwa kwa kisu, kichwa kimemeguka, na ukiugeuza unaona herufi mbili za jina la baba yake zimeziba unga uliokauka tangu enzi hizo. Nimeushika mkononi, Somo, ni mwepesi kama kijiti.

Ananisimulia pia sikukuu ya Bruna, ndivyo wamwitavyo Bikira Maria hapa, tarehe 2 Julai, ambayo ipo hadi leo. Gari kubwa lenye masanamu ya karatasi zilizogandishwa kwa gundi hupita mjini, na jioni watu hulivamia wakalirarua vipande vipande, kila mtu apate kipande cha baraka cha kupeleka nyumbani. Mzee alikuwa mabegani mwa baba yake, akapata kidole cha malaika. Halafu kuna nyumbu. (Mtoto wa punda na farasi, si yule wa mbugani.) Alikuwa akilala ndani, mwisho wa pango, na Mzee anasema pumzi yake ndiyo iliyowapasha joto wakati wa baridi.

Jumapili iliyofuata Bruna ya mwaka huu tulikula kwetu. Binti yangu wa miaka 13 akausoma ukurasa wa nyumbu kwa sauti. Watu wakacheka, isipokuwa shangazi wa mume wangu, dada mkubwa wa Mzee, aliyemzidi miaka minane. Akaweka uma chini akasema: “Andikeni na chungu cha haja. Nani alikuwa akikimwaga?” Kimya. Akaendelea: “Na mtoto je? Yule aliyezaliwa kati yangu nawe, mmemweka ukurasa wa ngapi?” Mzee akauliza, “Mtoto gani?” Shangazi akachukua mkoba wake akaondoka, chakula nusu sahani.

Tangu siku hiyo haji. Mzee anasema dada yake alizaliwa akilalamika. Mume wangu anasema habari za mtoto si zetu, kichapwe kilivyo, siku ya kuzaliwa haingoji. Na juu ya hayo ameshalipia amana ya ukumbi wa sherehe katika hoteli moja ya Sassi, na hoteli hiyo, Somo, ndiyo iliyochukua pango lao lenyewe. Pale alipofungwa nyumbu sasa pana beseni la kuogea, na bei ya kulala usiku mmoja mimi hununulia chakula cha nyumbani wiki kadhaa. Shangazi ametuma salamu kwamba anayetaka kumwona pale atamwona akiwa ndani ya jeneza.

Usiku binti yangu ananiuliza: kati ya babu na shangazi, nani mwongo? Nami sina jibu. Nikichape kijitabu au niache? Na mimi mkaza mwana, mgeni, tena Mwafrika katika mji kama huu, nina kauli gani?

Mkaza mwana, Matera

*

Mwanangu,

Marahaba. Binti yako mjibu leo leo, asilale tena na swali hilo: hakuna aliyesema uongo. Babu yake na dada mtu waliishi chini ya mwamba mmoja, lakini maisha waliyoishi humo ni mawili.

Piga hesabu ya miaka. Mwaka 1958 Mzee ana miaka minane, dada ana 16. Msichana wa miaka 16 katika nyumba za namna ile alikuwa mama wa pili. Mkate anaousimulia Mzee kwa mate kumtoka ulikandwa na nani? Mikate ya Matera ni ya ngano ngumu, mikubwa, ya kukaa juma zima, na ili kijana wa tanuri apige mbinja asubuhi akute tayari, kuna mtu aliyekesha nayo. Maji ya kukandia yaliletwa na nani kutoka bomba la mtaa, kwa ngazi zile unazozijua wewe mwenyewe miguu yako? Nyumbu alipasha nyumba joto, sawa, simkatalii. Samadi ya nyumbu je, iliondoka yenyewe? Mzee aliamka akakuta mkate unanukia, na mtoto wa miaka minane hana kosa kwa hilo. Kosa dogo ninaloliona ni la mtu mzima wa miaka 75 ambaye bado hajajiuliza. Wapo wengi, na hawapo Italia peke yake. Kaanze kuwahesabu Malindi.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hapo nyumbani hamjalipima. Miaka ile minane kati yao haikuwa miaka ya kawaida. Shangazi alizaliwa vita vinaendelea. Malaria, hii hii yetu ambayo watu wa pwani tunadhani ni mali yetu, ilikuwa imekaa Basilicata kama mwenyeji, na serikali ya Italia ilikuwa ikiuza kwinini katika maduka ya tumbaku. Baada ya vita ndipo wakapuliza DDT, dawa ya kuua mbu, na Mzee alipopata akili zake ugonjwa ulikuwa umefukuzwa. Kwa hiyo dada anakumbuka homa, na kaka hana homa ya kukumbuka. Shule nayo hivyo hivyo. Sheria ya mwaka 1962 iliyoweka shule ya kati moja, ya bure, ya lazima kwa kila mtoto, ilimkuta Mzee angali mtoto. Dada yake alikuwa na miaka 20. Sijui alisoma mpaka darasa gani, hukuniambia, lakini ningekuwa wewe ningetaka kujua kabla ya kumwonyesha karatasi zilizochapwa na kumwambia asome.

Halafu kuna aibu. Hili nalisema taratibu kwa sababu ndilo lililomwinua mezani, naamini, kuliko hata chungu. Baada ya vita wanasiasa walikuja Sassi kutazama jinsi watu wanavyoishi na wanyama chumba kimoja, na watoto wanavyokufa. Mtaa ukaitwa aibu ya taifa. Waziri mkuu De Gasperi alifika mwaka 1950. Mwaka 1952 ikapitishwa sheria ya kuwahamisha, na watu zaidi ya 15,000 wakatolewa hatua kwa hatua, miaka hiyo yote hadi ya sitini. Sasa jiweke wewe mahali pa binti wa miaka minane au kumi, mwenye masikio, anayesikia wakubwa wa nchi wakisema nyumba ya mama yako ni aibu. Anajifunza kutotaja anakotoka. Anaolewa, anazaa, hataji. Kisha mwaka 1993 UNESCO inatangaza kwamba mapango yale yale ni urithi wa dunia. Yeye ana miaka 51. Mwaka 2019 Matera inakuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, wageni wanamiminika na kamera, wanagusa kuta, wanasema pazuri. Hakuna aliyerudi kwake kumwomba radhi kwa lile neno la kwanza. Mzee ilimwia rahisi kuvuka kutoka aibu hadi fahari, alikuwa na mzigo mdogo. Mwenzake bado yuko njiani, na nyie mnamwambia akanywe mvinyo kwenye beseni.

Kwa hiyo hoteli hapana. Amana ikipotea ipotee. Msimchukie mwenye hoteli, hakumwibia mtu. Familia zilipohamishwa mapango mengi yalibaki mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 1986 ikafungua njia ya kuyakarabati na kuwapa watu wayatumie. Lakini sherehe ya ukoo haiwezi kufanyika mahali ambapo mkubwa wa ukoo hawezi kuingia. Mzee akitaka kuona chumba, nendeni naye wawili asubuhi moja wageni wameshatoka, ombeni mwangalie, akuonyeshe kitanda kilikuwa wapi na wanyama wapi. Shangazi msimwalike. Siku akitaka atasema mwenyewe, na asipotaka hana deni na mtu.

Kijitabu kisimame kwanza. Sisemi kiachwe.

La mtoto ndilo la kuanza nalo, na hapo mume wako amesema kweli ingawa sababu yake siipendi. Mtoto yule si wa kijitabu. Ni wa dada, na baada ya dada ni wa kaka yake, ambaye ameishi miaka 75 bila kujua kuwa kuna mwenzake aliyemtangulia. Umeona kilichotokea mezani? Mzee aliuliza swali, “Mtoto gani?” na tangu siku ile hakuna aliyempeleka akasikie jibu. Mnazungumzia uchapaji! Mwambie Mzee, kwa adabu zote unazozijua za kusema na mkwe, aende kwa dada yake peke yake. Asiende na mwanawe wala na wewe, na hiyo mashine yako ya kurekodi ibaki nyumbani. Aulize tena swali lile lile na safari hii angoje. Wakishamaliza yao, kama wakitaka, tarehe za mtoto zinaweza kutafutwa katika ofisi ya manispaa inayoandika vizazi na vifo, na jina lake litangulie ukurasa wa kwanza. Kama dada hataki, basi, limefungwa.

Baada ya hapo ndipo zamu yako. Tarehe 1 Agosti iko karibu, siku ambayo huko kwenu hupikwa crapiata, ile supu ya nafaka na kunde za kila aina. Zamani, kwa desturi ya ua, kila nyumba ilileta ukufi wake, maharagwe, dengu, ngano nzima, wakapika chungu kimoja. Mwombe Shangazi akufundishe kuipika. Usimwambie unakuja kumhoji. Nenda mapema, kunde zinataka kulowekwa tangu jana yake, na mwanamke anayechambua dengu huongea bila kuulizwa. Ukiuliza, uliza vitu. Ukimwambia mtu “maisha yalikuwaje” atakupa hotuba, au atakupa mgongo. Uliza nani alilala wapi. Uliza godoro lilijazwa nini (maganda ya mahindi, nakuhakikishia, na yanapiga kelele ukijigeuza). Uliza kwa nini kitanda kilikuwa juu hivyo, na chini yake walikaa nani, maana kwa wengi walikuwa kuku. Uwe mwangalifu ukifika kwenye kabati la nguo. Watoto wachanga walilazwa kwenye droo zake zilizovutwa nje, na huenda droo moja ndiyo yenye habari yote. Akinyamaza hapo, endelea kuchambua dengu.

Kisha mpe karatasi na penseli akuchoree nyumba. Mzee naye achore yake, siku nyingine, bila kuiona ya dada. Nakuapia hazitafanana. Mlango utakuwa mahali pamoja na mengine yote yatahama. Mmoja atamchora nyumbu mkubwa kuliko meza, mwingine atachora ngazi. Michoro hiyo miwili iwekeni kurasa zinazotazamana, bila maelezo ya nani kapatia.

Maneno ya Mzee usiyaguse kwa kumfurahisha dada yake. Raha yake ni yake, alikuwa nayo, na kidole cha malaika kibaki. Lakini pitia uone pale anaposema “tulikuwa na furaha”, “hatukukosa kitu”, na umuulize kwa upole anamsemea nani mwingine. Akikubali, aseme “nilikuwa”. Vile vile maneno ya Shangazi yasije yakabanwa mwisho kabisa kama sahihisho la makosa ya uchapaji. Apewe kurasa zake, kwa sauti yake, hata zikiwa tatu. Na akikataa kata kata kuandikwa, ana haki. Hapo kichapeni cha Mzee peke yake na jina lake liseme wazi ni Sassi ya mtoto wa miaka minane.

Umeniuliza una kauli gani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na safari hii walikusudia wewe. Wanawe wameshazisikia hadithi mpaka hawazisikii. Wewe unaweza kuuliza swali la kijinga, kama vile maji yalitoka wapi, na mtu wa Matera wa miaka 83 akakujibu tangu mwanzo kwa sababu hakutegemei ujue. Tena ulitoka mahali ambapo maji ya ndoo si hadithi ya makumbusho. Mwambie hivyo. Mweleze nani aliteka maji kwa bibi yako. Usishangae akikuuliza yeye maswali.

Usichokuwa na kauli nacho ni ugomvi wa mume wako na shangazi yake. Hoteli alilipia yeye, aende yeye mwenyewe kwake amwambie ameifuta. Usimbebee. Akianza habari za siku ya kuzaliwa haingoji, mwambie: “Nimeandika maneno ya baba yako. Ya shangazi yako bado sijayasikia, nami nusu sichapi.” Sauti za Mzee ziko kwenye simu ya nani, kwani? Usizitoe mpaka hapo.

Na sherehe ifanyeni Serra Venerdì, nyumbani, hata kama ni finyu. Huko ndiko ninakohisi Shangazi ana hadithi nzuri ambazo hakuna aliyewahi kumuuliza. Nyumba ile ya serikali ilikuja na bomba ndani na choo chenye mlango. Mwulize siku ya kwanza alipofungua maji jikoni kwa mkono wake, akiwa na miaka 16, alifanya nini. Mwulize alilala chumba gani, na nani, na madirisha yalikuwa mangapi. Wasomi wengi wameandika kwamba watu wa Sassi walipoteza ujirani wao walipohamishwa, na ni kweli, ua haukuhamishika. Wengi wa walioandika hawakuwahi kumwaga chungu.

Septemba isiwakimbize. Mzee akitimiza miaka 75 bila kijitabu atakula keki yake kama kawaida, na nakala zinaweza kutoka Krismasi.

Somo wako